“Nikilipwa Nitakulipa”: Jinsi Hela Yako Inavyolala Kwenye Sharti Lisilo na Tarehe

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kama unasubiri bodaboda aje kuchukua mzigo, huu ndo muda wake. Soma mpaka mwisho, kuna maneno ya kunakili kabisa na kuyatumia kesho.

Kuna sentensi ambayo karibu kila muuzaji ameshaikuta inboksi: “Nitakulipa nikishalipwa.” Ndugu zake ni wengi. “Nikiuza nakutumia.” “Nikipokea nikaridhika nalipa.” “Mambo yakikaa sawa nakumalizia.” Zote ni ahadi za kulipa, na zote zimebeba kitu kidogo ndani yake, hiyo “ki” au hiyo “kama”. Yani hela ipo, ila ipo nyuma ya mlango, na mlango unafunguka jambo fulani likitokea.

Wengi tunadhani hayo ni mambo ya huku kwetu, kwa watu tunaouziana kwa kuaminiana bila karatasi. Hapana. Sharti la aina hiyo limeandikwa kwenye mkataba ambao mabenki makubwa ya dunia wanautumia kila siku. Mwaka 2008 benki moja kubwa ya Marekani ilipoanguka, sharti hilo likafanya mamilioni ya dola yasilipwe, kesi zikafika mahakama za New York na London, na majaji wakatoa majibu mawili yanayopingana.

Nataka tuipitie hiyo stori yao kwanza, halafu tuje kwenye inboksi zetu. Wao walikuwa na mawakili wazuri na karatasi zilizosainiwa, na bado kuna kitu kimoja hawakukiandika. Hicho hicho ndicho na sisi hatuandiki.

Mkataba mama wa wakubwa

Kuna biashara za fedha ambazo hazina mzigo wa kubeba. Watu wawili wanakubaliana kulipana kufuatana na riba, bei ya mafuta, bei ya umeme au thamani ya sarafu itakavyosogea. Dili ni nyingi mno, hawawezi kuandika mkataba mpya kila mara. Kwa hiyo wanasaini mkataba mama mmoja, halafu kila dili mpya inaingia chini yake kwa karatasi fupi.

Mkataba mama unaotumika zaidi ni wa chama chao kinachoitwa ISDA, kilichoanzishwa mwaka 1985. Matoleo yanayotajwa sana ni la 1992 na la 2002.

Tuchukue mfano wa kufundishia, kwa shilingi zetu. Mwenye kiwanda ana mkopo wa milioni 100 ambao riba yake inapanda na kushuka. Anaogopa ikipanda atakwama. Anaenda kwa benki nyingine wanakubaliana hivi: riba ya kati yetu ni asilimia 10. Riba ya soko ikizidi hapo, benki inamlipa mwenye kiwanda tofauti. Ikishuka chini ya hapo, mwenye kiwanda anailipa benki tofauti. Wanalipana kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka kadhaa.

Riba ya soko ikiwa 13, tofauti ni asilimia 3, sawa na milioni 3 kwa mwaka. Benki inatoa 750,000 kila miezi mitatu. Riba ikiwa 6, tofauti ni asilimia 4, yani milioni 4 kwa mwaka. Hapo ni mwenye kiwanda anayetoa milioni 1 kila miezi mitatu. Kwa hiyo ni dili la kupeana zamu: leo nakudai, kesho unanidai.

Sharti lenyewe

Ndani ya mkataba wa ISDA kuna kifungu cha 2(a)(iii). Kwa lugha ya dukani kinasema hivi: nitakulipa, mradi tu wewe huna kosa la mkataba ambalo bado linaendelea, wala huna jambo linaloelekea kuwa kosa.

Makosa yameorodheshwa humo humo. Kutolipa ni kosa. Kufilisika ni kosa. Kutoa taarifa za uongo ni kosa. Hata uchelewaji una muda wake: kwenye toleo la 1992 ukishapewa taarifa kwamba hujalipa ulikuwa na siku 3 za kazi za kurekebisha, toleo la 2002 likapunguza ikawa siku 1. Unaona wenzetu walivyokuwa makini na siku.

Sharti hili lina akili, na tusiliseme vibaya. Fikiria una mtu anayekuletea mzigo kila mwezi na unamlipa kianzio kabla. Mwezi uliopita hakuleta kitu na umesikia amefunga duka. Utamtumia tena kianzio cha mwezi huu? Hutamtumia. Utasema kwanza nione mzigo wangu. Kifungu kinafanya kazi hiyo hiyo. Kinamlinda mtu asiendelee kumwaga hela kwa mwenzake aliyeshindwa, halafu yeye akidai aambiwe apange foleni na wadai wengine.

Ila angalia kitu kimoja. Mwenzako akifanya kosa, wewe usiye na kosa unapata haki mbili. Ya kwanza, unaweza kuacha kulipa. Ya pili, unaweza kuufunga mkataba, mkapiga hesabu ya mwisho nani anamdai nani, na anayedaiwa akalipa. Mwenye kosa hana haki ya kuufunga. Ufunguo umebaki mkononi mwako peke yako.

Sasa hesabu ya mwisho ikionyesha kwamba wewe ndiye unayedaiwa, una haraka gani ya kufungua?

Lehman anaanguka

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama kama kampuni iliyofilisika. Ilikuwa na dili za namna hii na kampuni nyingi sana duniani. Chini ya mkataba, kufilisika ni kosa, na ni kosa lisilorekebishika kwa kulipa faini na kuomba radhi.

Wakati huo huo benki kuu zikashusha riba haraka ili kuokoa uchumi. Uingereza riba ya benki kuu ilikuwa asilimia 5 mwanzoni mwa Oktoba 2008. Kufika Machi 2009 ilikuwa 0.5. Marekani ilitoka 2 ikafika kati ya 0 na 0.25 Desemba 2008.

Rudi kwenye mfano wetu. Riba ikishuka, mwenye kiwanda ndiye anayetakiwa kulipa. Kwa hiyo wateja wengi wa Lehman waliokuwa wamejikinga riba isipande walijikuta wanadaiwa. Na wanadaiwa na nani? Na benki iliyofilisika, ambayo mkataba unasema usiilipe wakati kosa linaendelea.

Baadhi yao wakaona bora kukaa kimya. Hawalipi, kwa sababu sharti linawaruhusu. Hawaufungi mkataba, kwa sababu wakiufunga watapigiwa hesabu na kutoa hela nyingi kwa mkupuo. Na riba ikipanda tena siku za mbele mpaka ikawa wao ndio wanaodai, basi siku hiyo ndo waufunge. Yani wanasubiri upepo ugeuke, na kusubiri hakuwagharimu chochote.

Upande wa pili walikuwa wale wanaoidai Lehman. Hao walisubiri wasimamizi wakusanye madeni ili wapate chochote. Kila hela iliyolala nyuma ya sharti ilikuwa hela ambayo wao hawaioni.

Jambo hili halikuanza na Lehman. Enron ilipoanguka mwishoni mwa 2001, kampuni yake ya Australia ilikuwa na dili za bei ya umeme na kampuni ya TXU. Mfilisi wa Enron alitaka zifungwe ili hela iliyokuwemo itoke. Mwaka 2003 mahakama ya New South Wales haikukubali kumpa njia hiyo. TXU ilikuwa na haki ya kufunga, haikuwa na wajibu wa kufunga. Kengele ililia mapema, miaka mitano kabla ya Lehman, na mkataba ukaendelea kusainiwa vile vile.

New York yasema lipa, London yasema subiri

Kampuni moja iliyokaa kimya ni Metavante ya Wisconsin, Marekani, iliyokuwa inauzia mabenki teknolojia ya malipo. Ilikuwa na dili ya riba na kampuni tanzu ya Lehman, waliyoingia Novemba 2007, hesabu ikipigwa juu ya mkopo wa dola milioni 600. Lehman ilipoanguka, Metavante ikaacha kulipa, na haikuufunga mkataba. Malimbikizo yakapita dola milioni 6.

Tarehe 15 Septemba 2009, mwaka mmoja kamili tangu Lehman ianguke, Jaji James Peck wa mahakama ya ufilisi ya New York aliamua kwamba Metavante ilipe. Hoja yake ni rahisi kuielewa. Sheria ya ufilisi ya Marekani inakuruhusu kuufunga mkataba wa namna hii mwenzako akifilisika, ila uitumie haki hiyo mapema. Kukaa mwaka mzima unaangalia soko linaelekea wapi siyo matumizi yake. Muda wa kuchagua ulikuwa umeshapita.

Sasa vuka bahari. Uingereza kulikuwa na Firth Rixson, kampuni inayotengeneza vipuri vya chuma vya injini za ndege, pamoja na kampuni nyingine zilizokuwa kwenye hali ile ile. Wasimamizi wa Lehman ya London waliwapeleka mahakamani. Waliomba majaji waseme kwamba sharti haliwezi kudumu milele. Angalau liwe na muda unaofaa, au likome mkataba ukifika mwisho, hela itoke.

Aprili 2012 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikatoa jibu. Deni halijafa, ila malipo yamesimama. Yatasimama mpaka kosa liondoke. Hakuna “muda unaofaa” uliojificha ndani ya mkataba, kwa sababu wahusika hawakuuandika. Mkataba kufika tarehe yake ya mwisho hakulifuti deni, na hakulifanyi lilipwe pia. Linabaki hivyo hivyo, limelala. Na kwa kuwa kufilisika kwa Lehman hakukuwa kitu cha kuondoka kesho, hela ikabaki kwa aliyenayo.

Maneno yale yale ya mkataba yakapata majibu mawili. New York ililetewa msaada na sheria ya ufilisi ya nchi yake. London ilisoma kilichoandikwa, ikakuta hakuna tarehe, ikasema sisi hatuwezi kuwaandikia.

Baadaye wenye mkataba wenyewe walirekebisha. Mwaka 2014 ISDA ilitoa maneno ya nyongeza ya hiari yanayoweka ukomo: unaweza kusimamisha malipo kwa siku kadhaa zinazotajwa, zikiisha, kama hujaufunga mkataba, unalipa. Na tangu zamani kulikuwa na kisanduku cha kuchagua kwenye mkataba kinachosema mmoja akifilisika mkataba unajifunga wenyewe, hakuna cha nani ameshika ufunguo. Waliochagua kisanduku hicho, kimya cha mwenzao hakikuwa na cha kushikilia.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo hivyo. Tarehe, na maneno ya nini kifanyike tarehe ikifika.

Sasa turudi inboksi

Sharti la malipo siyo baya. Bila masharti biashara nyingi za mtandaoni zisingekuwepo. Mteja wa Mwanza hawezi kukuamini wewe wa Kariakoo bila “nikipokea nalipa”, na mwenye mtaji mdogo hawezi kuanza bila mali kauli. Usikimbie sharti. Likague kwa maswali manne.

Swali la 1: Jambo lenyewe linapimika? “Mzigo ukifika” kinapimika. Umefika au haujafika. “Nikiridhika” hakipimiki, kipo kichwani mwa mtu. “Mambo yakikaa sawa” ndo kabisa, hata yeye hajui yatakaaje.

Swali la 2: Nani ameshika ufunguo? Jambo linalofungua hela liko mikononi mwa nani? Kama anayetakiwa kulipa ndiye anayeamua litokee lini, jua kwamba siku akiona kusubiri kunamfaa atasubiri. Siyo lazima awe tapeli. Metavante na Firth Rixson hazikuwa kampuni za kitapeli. Zilisoma karatasi, zikaona karatasi inaruhusu.

Swali la 3: Tarehe ya mwisho ni ipi? Siyo “karibuni”, siyo “mwisho wa mwezi” bila kusema mwezi gani. Tarehe.

Swali la 4: Tarehe ikifika na jambo halijatokea, nini kinafuata? Hapa ndipo wengi tunapoishia njiani. Unaweza kuwa na tarehe na bado ukagombana, kwa sababu hamkusema ikipita mzigo unarudi au hela inatoka.

Ukipata majibu manne, hilo ni sharti la biashara. Ukikosa la tatu na la nne, umempa mtu mkopo usio na mwisho na hukujua.

Hali ya kwanza: mali kauli

Mtu anachukua bidhaa zako, anaziuza kwenye ukurasa wake, akiuza anakulipa. Sharti ni “nikiuza”. Ufunguo uko kwake, kwa sababu yeye ndiye anayeposti au asiyeposti. Gauni likikaa kabatini kwake miezi mitatu fasheni inapita, na wewe ndo umebeba hasara.

Andikianeni hivi. Nakili:

“Nimepokea magauni 20 kwa bei ya 18,000 kila moja, jumla 360,000. Kila Jumamosi nitalipa yaliyouzwa wiki hiyo. Yatakayobaki hadi tarehe 30 Juni nitayarudisha yakiwa safi na lebo zake. Ambalo halijarudi siku hiyo nitalilipia kamili tarehe hiyo hiyo.”

Anajibu “Nimekubali” na jina lake. Kazi imeisha.

Hapa sheria yetu ina neno. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inazungumzia mtu anayechukua bidhaa kwa makubaliano ya kuuza au kurudisha. Kama mliweka muda na ukapita bila yeye kusema anazikataa, bidhaa zinahesabika zimekuwa zake, na za kwake anazilipia. Kama hamkuweka muda, sheria inasema muda unaofaa. Kenya ipo sheria ya namna hiyo pia.

Kwa hiyo kwenye bidhaa tuna nafuu kuliko wale wa London, sheria inatupa “muda unaofaa”. Lakini muda unaofaa wa gauni la sendoff ni upi, na wa chaja ya simu ni upi? Huo ndio ugomvi utakaoupeleka kwa mjumbe, halafu mahakama ya mwanzo, wakati mstari mmoja wa tarehe ungeumaliza.

Hali ya pili: winga na “nikilipwa nitakulipa”

Winga anakuja dukani au anakuandikia: “Kaka, nipe hizo simu 3, mteja wangu yupo anasubiri, akinilipa tu nakurushia.” Hapa ufunguo hauko kwake wala kwako. Uko kwa mtu wa tatu ambaye humjui, na mteja huyo akiingia mitini winga atakuambia kwa roho safi kabisa: sijalipwa.

Uamuzi wa kwanza ni huu: hatari ya yule mteja kutolipa ni ya nani? Kama winga ndiye aliyemleta na ndiye anayepata cha juu, ni haki hatari iwe ya winga. Sentensi inageuka:

“Nakupa simu 3, jumla 900,000. Nategemea mteja wako akulipe leo. Akilipa au asilipe, kesho Jumatano tarehe 12 saa 10 jioni ninapokea hela yangu yote au simu zote 3 zikiwa hazijafunguliwa.”

Umeona? “Akilipa au asilipe.” Maneno matatu hayo yanatoa ufunguo kwa mtu wa tatu yanauleta mezani. Winga anayejua kazi yake hatakasirika. Atakayekasirika amekuambia kitu bure kabla hujatoa mzigo.

Hali ya tatu: lipa ukipokea

Hapa sharti ni “nikipokea nikaridhika”. Kupokea kunapimika, kuridhika hakupimiki. Kwa hiyo kuridhika kupe muda na mahali:

“Utakagua mzigo mbele ya bodaboda kwa dakika 10. Ukiwa sawa na picha na saizi uliyoagiza, unalipa palepale. Usipoutaka, unaurudisha hapo hapo na unalipia usafiri tu, 5,000.”

Ukishasema “sawa na picha na saizi”, umeondoa neno kuridhika ukaweka kitu ambacho hata bodaboda anaweza kukishuhudia. Na wewe utimize upande wako: picha iwe ya bidhaa yako mwenyewe, siyo uliyoichota kwenye ukurasa wa mtu.

Hali ya nne: pale ambapo wewe ndiye unayekaa na hela za watu

Hii hatuipendi kuisema ila tuiseme. Unaposti: “Tunaagiza China kwa pamoja, kianzio 20,000, tukifika watu 30 tunaagiza.” Watu 17 wanatuma. Wanasimama hapo 17. Mwezi unapita. Mtu anauliza, unamjibu “bado hatujafika idadi, vuta subira”.

Hapo una 340,000 za watu nyuma ya sharti lisilo na tarehe, na ufunguo umeushika wewe. Kwa wale watu 17, wewe ndo yule mwenye kiwanda aliyekaa kimya. Hujaiba, na nia yako ni njema, ila hela yao imelala na hawana namna ya kuiamsha.

Posti yako iwe hivi tangu siku ya kwanza:

“Tunakusanya oda hadi tarehe 20. Tukifika watu 30 tunaagiza tarehe 21. Tusipofika, tarehe 22 kila mtu anarudishiwa kianzio chake chote kwa namba ile ile aliyotumia.”

Usiogope kwamba utapoteza wateja. Mtu akiona tarehe ya kurudishiwa hela yake, anatuma kianzio kwa amani. Na ukirudisha kweli tarehe 22, oda ijayo watakuwa mashahidi wako kwenye maoni.

Kuandika kwenye simu kunatosha?

Kwa biashara zetu nyingi, ndiyo, ni mwanzo mzuri sana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inatambua rekodi za kielektroniki, na ujumbe haukataliwi mahakamani kwa sababu tu uko kwenye simu. Muhimu ujumbe uonyeshe nani anaongea na nani, bidhaa gani, bei gani, tarehe gani, na jibu la kukubali. Usifute mazungumzo. Kama mliongea kwa simu, ukikata tu andika: “Kama tulivyoongea sasa hivi, ni…” halafu muombe athibitishe. Mimi ni mwenye duka kama wewe, sina digrii ya sheria, kwa hiyo dili ikiwa ya mamilioni tafuta wakili aisome kabla ya kusaini.

Jambo moja la mwisho kuhusu kusimamisha malipo, maana na wewe kuna siku utakuwa na haki ya kutolipa. Mtu wako wa mzigo amekosea, umezuia hela yake. Sawa kabisa. Ila mwambie kwa maandishi umezuia kwa sababu gani, arekebishe nini, na hadi lini. Siku hiyo ikifika amua: amerekebisha unalipa, hajarekebisha mnafunga hesabu kila mtu achukue chake. Usikae na hela ya mtu unaangalia bei ya soko inaenda wapi. Jaji wa New York alilikataa hilo kwa kampuni yenye dili ya dola milioni 600, na mtaani kwetu wanalikataa kwa kuacha kukuletea mzigo.

Tumezoea kusema dawa ya deni ni kulipa. Kwa deni lenye sharti, dawa inaanza kunyweka siku ile mnayokubaliana, mkiandika tarehe na mkiandika ikipita iweje.

Kazi ya leo usiku: fungua inboksi yako, tafuta kila palipoandikwa “niki…” na hela yako ipo nyuma yake. Hesabu ni shilingi ngapi. Halafu mtumie kila mmoja ujumbe wa heshima: “Dada, habari za leo. Ule mzigo tuliokubaliana ukiuza unanilipa, naomba tuweke tarehe ya mwisho, na yatakayobaki tuseme yanarudi au vipi?” Huo siyo ugomvi wala kudai. Ni kuongeza mstari ambao mlisahau.

Ukishapata jibu, njoo kwenye maoni utuambie ulikuta kiasi gani kimelala. Na mtumie somo hili mwenzako mmoja anayetoa mali kauli.